Anza Alipozaliwa

Jumatano ya tarehe 16 Oktoba 2024, asubuhi, mama yetu alipovuta pumzi ya mwisho katika wodi ya pili ya hospitali ya chuo, walikuwepo mwanawe wa kwanza, binti yake, mkwe wake ambaye ndiye anayewasomea haya, mjukuu wake mchanga aliyekuwa amelala mgongoni mwa mama yake wala hakuamka, muuguzi ambaye zamu yake ilikuwa imekwisha lakini alikataa kuvua sare, na wanafunzi wawili kutoka bwenini, mmoja wa sheria na mmoja wa kilimo, waliokuja na chupa ya chai wakakuta chai haihitajiki tena, wakaishika ile chupa kwa zamu mpaka mwisho.

Hao ndio waliokuwepo, na familia imeona iwataje kwanza, kwa sababu marehemu, tuliyezoea wote kumwita Mama Bweni, alikuwa na hofu moja tu maishani, nayo ni mtu kufa au kufiwa akiwa peke yake ugenini, na yeye hakufa peke yake. Msomaji wa habari hizi alimchagua mwenyewe. Alisema mwanawe anasoma kama mtangazaji wa mpira na binti yake atalia kabla ya aya ya pili, bora mkwe, maana anasoma polepole. Basi tuanze alipozaliwa, kama alivyotufundisha.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1958, katika mji mdogo wa reli, katika nchi nyingine, si hii, kwenye nyumba ya tatu kutoka stesheni, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto sita wa baba aliyefunga mizigo stesheni na mama aliyeshona nguo barazani. Habari za utotoni tumezipata kwake mwenyewe, alizisimulia kitandani mjukuu akiwa amelala pembeni yake, na nyingine kwa dada yake mkubwa kwa simu, kwa hiyo kama kuna chumvi, hiyo chumvi ni ya watu wawili. Baba yake alikuwa hodari wa mafundo, kiasi kwamba wafanyabiashara waliona bora kukata kamba kuliko kuhangaika kuzifungua, naye alisikitika kila alipoona kamba iliyokatwa, akisema mtu asiye na subira ya kufungua hakustahili kufungiwa.

Alisoma shule ya msingi ya watoto wa reli kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, kisha sekondari ya bweni ya wasichana hadi 1977, akafundisha watoto wadogo kwa muda, na mwaka 1979 akapata nafasi ya kuja kusoma jiografia katika chuo chetu hiki. Alifika tarehe 3 Septemba, akiwa na sanduku moja ambalo baba yake alilifunga kwa kamba na fundo lake lile. Mlinzi wa getini alijaribu kulifungua akashindwa, mpishi akaja na kisu akafukuzwa, na mgeni wetu akakaa juu ya sanduku lake bila nguo ya kubadilisha, hajui lugha ya hapa, hataki kamba ikatwe. Aliyemwokoa ni mwenzake wa chumbani, binti wa nchi nyingine kabisa na dini nyingine, ambaye kwa ajili ya vioo vyake vinene aliitwa Miwani. Miwani alikaa sakafuni, akachukua mpini wa kijiko cha chai, akalifungua fundo lile polepole, akaikunja kamba na kumrudishia mwenyewe mkononi. Hawakuwa na lugha ya kuzungumza bado, lakini urafiki ulikuwa umekwishaanza.

Miezi ya mwanzo ilikuwa migumu. Alikula mkate asubuhi, mchana na jioni, si kwa kuupenda, bali kwa kuwa ndilo jina pekee la chakula alilojua kutamka, mpaka mpishi wa ukumbini alipomhurumia akawa anamwonyesha sufuria moja moja na kumtajia kilichomo. Mpishi yule alitangulia mbele ya haki zamani, lakini marehemu alitaka atajwe leo, naye ametajwa.

Mwezi Machi 1980 baba yake alifariki. Simu ya maandishi, yaani telegramu, ilimfikia wakati mazishi yamekwisha, na nauli ya kurudi haikuwepo. Hakumwambia mtu. Alikwenda darasani kama kawaida, akaandika alichoambiwa aandike, akarudi bwenini akafua blauzi moja, akaianua mbichi, akaifua tena. Miwani alimtazama siku ile na siku iliyofuata, kisha akaishika ile blauzi akamuuliza, nani? Alipoambiwa, hakulia wala hakusema pole, maana kwao rambirambi huanzia mahali pengine. Alivuta kiti, akakaa mbele yake, akamwambia, "Mimi baba yako sikumjua. Anza alipozaliwa." Marehemu akaanza alipozaliwa, kwa lugha iliyovunjikavunjika, tangu mchana mpaka taa za ukumbini zikawashwa, na alipofika kwenye mafundo ya kamba ndipo wote wawili wakalia. Alisema siku zote kwamba baba yake alizikwa mara mbili, na mazishi ya pili yeye alikuwepo.

Alihitimu Novemba 1982, na tarehe 1 Februari 1983 akaajiriwa kuwa msaidizi wa mlezi wa bweni la wanafunzi wa kigeni. Aliwaandikia nyumbani kwamba ni kazi ya muda tu, na huo muda ukaisha tarehe 30 Juni 2018 alipostaafu akiwa mlezi mkuu. Kazi ile si ya kubeba vyuma, lakini inachosha. Jiko ni moja, mafiga ya umeme ni manne, na watu wametoka pande zote za dunia, huyu harufu ya samaki inamtoa machozi, yule hataki sufuria yake iguse nyama, mwingine anaimba akipika, wa nne anaona kuimba jikoni ni utovu wa adabu. Wakipeleka mashtaka kwake aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akawaambia, "Kila pua ina kwao," na siku iliyofuata mshtaki na mshtakiwa wakajikuta wamepangiwa zamu moja ya kusafisha jokofu. Kuna ndoa mbili zilizotokana na jokofu lile.

Lakini kazi yake kubwa ilikuwa viti. Mwaka 1984 mwanafunzi wa uhandisi alifiwa na mama yake, naye hakuweza kwenda kwao. Marehemu akakumbuka kiti cha Miwani, akaona hili lifanywe na bweni zima, akapanga viti vya chumba cha mapumziko kwa mistari, vikitazama meza moja na kiti kimoja mbele, akamwita kijana. Sasa kwa mwanafunzi yeyote wa chuo hiki, mpango wa namna ile ni wa kamati ya nidhamu. Kijana aliingia akiwa amechomekea shati, kitambulisho mkononi, akasimama wima, na kabla mtu hajafungua kinywa akakiri kwamba ni kweli, ana hita ya maji chumbani, anajua imekatazwa, ameitumia kwa chai tu, na mara moja kwa mayai. Mtu wa nyuma akacheka, na kijana mwenyewe akacheka, na kicheko chake kikageuka kilio, ndicho kilio alichokuwa amekibana tangu habari zimfikie. Marehemu aliinuka, akaburuta viti mwenyewe mpaka vikawa mduara, akakaa karibu naye, akamwambia aanze alipozaliwa mama yake. Tangu siku ile viti vimepangwa mduara, na kijana yule mpaka leo anaitwa Hita. Ni mhandisi mwenye wajukuu sasa, yupo pale mwenye shati la bluu, na hita yake hakuirudisha stoo mpaka alipohitimu.

Hapo ndipo desturi ya bweni ilipoanzia. Mtu akifiwa na hawezi kwenda kwao, watu huketi, naye husimulia maisha ya mtu wake mwanzo hadi mwisho, kwa wasikilizaji ambao hawakumjua. Wengine kwao hulia kwa sauti, wengine ni mwiko kulia mbele ya wageni, wengine hucheka, wengine hutaka kusali. Marehemu hakumkataza mtu lake, ila kuondoka kabla mwenye msiba hajamaliza. Waswahili husema kufa kufaana, yeye akasema na kufiwa pia.

Fundi wa mabomba wa chuo, baba yetu, alimkuta jikoni mwaka 1985, alipotumwa kutengeneza sinki. Kazi ya asubuhi moja ilimchukua juma zima, na wenzake walikuja kukagua wakakuta bomba halina hata ufa. Walifunga ndoa tarehe 14 Desemba mwaka huo huo. Upande wa bibi harusi hakukuwa na ndugu aliyeweza kufika, wanafunzi wakavaa walivyovaa kwao, wakajaza viti vyote kama wajomba na mashangazi, mpaka mama mkwe akamnong'oneza mwanawe, "Huyu mjomba mbona hajaota ndevu?" Walijaliwa watoto wawili, wa kiume aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1987, ambaye ni fundi umeme, na wa kike aliyezaliwa tarehe 20 Januari 1991, ambaye ni mwalimu, na wajukuu watatu. Fundi alifariki mwaka 2015, na maisha yake nayo yalisimuliwa kwenye mduara, sinki ikiwemo.

Kuhusu ugonjwa, marehemu alianza kusumbuliwa na kisukari mwaka 2009, na mwaka 2022 figo zikaanza kushindwa kazi. Alivumilia, hakuwa mtu wa kulalamika. Viti aliendelea kuvipanga hata baada ya kustaafu, lakini Juni mwaka jana, akiwa amelazwa, kijana mmoja wa bwenini alifiwa na baba yake, na viti havikupangwa. Kijana alitazama mazishi kwa simu, peke yake, katika chumba cha kufulia, na mtandao ukakatika wakati jeneza linashushwa. Marehemu alipopata habari hizo alisema figo zinauma, ila hili limeuma zaidi. Tangu hapo kila aliyekuja kumwona alimuuliza swali moja, nikiondoka nani atapanga viti? Wakamjibu, "Usijali, Mama." Akawaambia, "Usijali si jina la mtu." Wanafunzi wakamweleza kwa upole kwamba siku hizi mazishi yanaonekana kwa simu. Akasema, "Simu inakuonyesha kaburi. Inakuuliza alikuwa nani?" Alikwenda na swali lake la viti.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya chuo, hasa yule aliyempaka mafuta miguuni kila alipomfunga mashine ya kusafisha damu ingawa si kazi yake, majirani waliotupikia na kuturudishia vyombo vikiwa safi kuliko tulivyovitoa, uongozi wa chuo, mafundi mabomba waliokuwa wenzake baba yetu, ambao wamechimba kaburi wenyewe, na Miwani, ambaye macho hayamruhusu kusafiri lakini amekuwa akitupigia kila asubuhi. Dada mkubwa wa marehemu anatusikiliza kwa simu iliyo katika mfuko wa shati la mwana, tunaomba tusiongee karibu na mfuko huo. Ambao hatukuwataja, mkono wenu tuliuona.

Mama, umekaa na wafiwa wengi, sasa nawe upumzike kwa amani.

Jana Ijumaa alasiri, wakati sisi tuko kwenye mipango ya mazishi, binti wa jiolojia wa mwaka wa kwanza, ambaye hakuwahi kuonana na marehemu, alipata habari kwamba bibi yake aliyemlea amefariki. Hakuna aliyewatuma wanafunzi. Walipanga viti mduara katika chumba cha mapumziko, ndivyo hivi mlivyovikalia, wamevileta leo asubuhi, na yule wa sheria, aliyekuwa ameshika chupa ya chai Jumatano, akakaa karibu na binti yule, akamwambia aanze alipozaliwa.