Gregory Kulwa Ngassa, Pacha Aliyekataa Nusu ya Kidonge

Ndugu waombolezaji, marehemu Gregory Kulwa Ngassa alizaliwa Isaka tarehe 14 Agosti 1961, wa kwanza kati ya mapacha. Wa pili ni mimi, Donatus Doto, ninayewasomea. Mikono ikitetemeka mnivumilie, ni ugonjwa wangu.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1976, akachaguliwa kwenda sekondari. Mimi nilichaguliwa kwenda machungani.

Mwaka 1991 tulikwenda Geita kuchimba dhahabu. Maduara yetu, yaani mashimo ya kuchimbia, yalipakana. Lake likatoa dhahabu, langu likatoa maji. Jamani, iliniuma!

Mwaka 1993 alifunga ndoa hapa Kahama na Asteria, ambaye mimi ndiye niliyemwona kwanza, pale sokoni Nyasubi. Shemeji, usiiname, watu wote wanajua. Walijaliwa watoto wawili.

Mwaka 2020 nilianza kutetemeka na kukakamaa, daktari akanipa vidonge vya Parkinson. Mwaka uliofuata Kulwa naye akawa mzito, anaanguka chali. Watu wakasema ni zebaki ya machimboni. Sasa, kwetu mabasa, yaani mapacha, hugawiwa kila kitu sawa. Mama alituzoesha hivyo tangu uji. Basi bila kumwuliza daktari, kila kidonge changu tukawa tunakikata katikati. Kulwa hakupata nafuu, nami nikaanza kukakamaa upya. Akawa anaacha ugali sahanini, Asteria akanuna akidhani mapishi yake yamechokwa. Kumbe macho ya mumewe yalikuwa hayashuki tena kutazama chini, chakula hakioni.

Februari 2023 mwanawe, Boaz, alitupeleka Mwanza tukapigwa picha za ubongo kwa MRI. Daktari Vaishali akaziweka mbili pamoja, akatuonyesha sehemu ya juu ya shina la ubongo. Ya Kulwa ilikuwa imesinyaa, yangu ilikuwa nzima.

"Wazee wangu," akasema, "kwa nje mnafanana, lakini ugonjwa si mmoja. Mzee Doto, dawa inakufaa, umeze yote. Mzee Kulwa, wa kwako unaitwa PSP, ndio uliosinyaza sehemu hii ya ubongo. Dawa hii haitakusaidia sana. Tutakusaidia kutembea na kumeza chakula bila kupaliwa."

Nilifurahi, nisiwadanganye. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na kitu ambacho Kulwa hana.

Tulipotoka nje akaniambia, "Bebe, wewe Doto, leo nakuonea wivu."

"Onja na wewe," nikamjibu. Tukacheka hadi Boaz akaona aibu.

Kesho yake nilikata kidonge kama kawaida. Mama angefanya hivyo. Kulwa akairudisha nusu yake mkononi mwangu. "Meza chote, nikuone." Nilimbembeleza, akakataa katakata. Tangu hapo alinisimamia kila siku, na sauti ilipompotea aligonga kiti mpaka nimeze. Mimi nikarudi kutembea, yeye akabaki kitandani.

Alifariki nyumbani Nyasubi tarehe 2 Machi 2025, kwa nimonia. Ameacha mjane, Asteria, watoto Lusia na Boaz, wajukuu wanne, na mimi.

Asubuhi ya leo Asteria, na msiba wote huu, amenijia na kidonge na maji. Amesema marehemu alimwachia kazi hiyo. Ndiyo maana nimeweza kusimama hapa. Namwonea wivu hata sasa, jamani. Alinipenda kuliko nilivyompenda, na nafasi ya kumfikia sina tena.

Mungu ampokee Kulwa wetu, ampe pumziko jema.