Mzee Abdulmalik na Gari la Polisi Lisilotoka Ukumbini

Ijumaa, tarehe 30 Januari 2026, baada ya miaka thelathini na miwili ya kufukuza wateja kwa uaminifu mkubwa, Mzee Abdulmalik Alawi anastaafu katika ukumbi wa magemu wa Bwana Shamshudin, hapa Mtwara mjini. Wateja aliotubakishia wanakaribishwa kwenye hafla. Mimi Riziki, muuza tokeni, nimepewa kuandika wasifu huu kwa kuwa ndimi niliyegombezwa naye kuliko wote.

Aliajiriwa kutunza gemu la polisi: kabati kubwa lenye kioo, usukani na pedeli. Unatia tokeni, unakuwa askari wa doria, unawakimbiza wavunja sheria na kuwakamata. Ukigonga gari la raia unakatwa pointi, mchezo unaendelea. Waliolitengeneza waliona hiyo inatosha. Mzee Abdulmalik, ambaye hajawahi kuwa askari wala kumiliki hata baiskeli, akaona haitoshi. Ukimgonga raia, anazima swichi, anakunyanyua kitini na kukuuliza mbele ya watu kama mama yako angekuwemo ndani ya gari lile. Tokeni harudishi. Jamani, huduma kwa mteja ndiyo hiyo!

Madereva wa bajaji wa Likombe walimzoea. Kwa kuwa gemu halina indiketa, aliwataka watangaze kwa mdomo wanakunja wapi, na watu wazima na ndevu zao wakawa wanapiga kelele: kushoto! kulia! Majirani walidhani tumefungua madrasa.

Kilele cha utumishi wake ni siku Mzee Mohammedtaqi alipokuja kumposea mpwa wake binti wa bosi, Samreen. Chai ikiwa jikoni, mgeni akajaribu gemu, akagonga raia, akacheka. Mzee wetu akazima. Akamweleza, kwa adabu zote za kwao Mikindani, kwamba anayecheka akigonga watu hakabidhiwi hata mbuzi, sembuse mtoto wa watu. Loo! Chai ilipoa vikombeni. Posa ikalala miezi, bosi akapandwa na presha. Hatimaye Mzee Mohammedtaqi alirudi, akamaliza doria bila kumgusa raia, na ndoa ikafungwa. Aliyepiga makofi kwa nguvu kuliko wote tunamjua.

Mwezi uliopita Bwana Shamshudin alitangaza kwamba mzee akiondoka, gemu nalo linauzwa chuma chakavu, na pale ataweka dubwi, lile la kamari linalokula hela na kunyamaza. Mzee hakubisha. Tulipomwambia achague zawadi, godoro au kiti cha uvivu, alisema hataki kitu, anaomba tu gemu lisitolewe. Kisha akachukua kitambaa, akaanza kulifuta kioo. Sisi mabingwa wa kumcheka tukawa tunatazama sakafu, na mimi roho iliniuma kwelikweli.

Bosi naye si jiwe. Akasema litabaki, mradi apatikane mtu wa kulitunza kwa masharti yaleyale, mkali, asiye na haya mbele ya wateja. Kabla hajamaliza, ukumbi mzima ulikuwa umenigeukia mimi. Mdomo wangu umeniponza! Nimekubali.

Mzee Abdulmalik, asante kwa kutusumbua miaka yote hii. Mungu akupe afya, umri mrefu na usingizi wa mchana, na ampe mkeo Bi Warda subira, maana sasa atakuwa nawe kutwa. Karibu ukumbini siku yoyote upendayo. Uje na hela ya tokeni lakini, ufunguo wa gemu sasa ninao mimi.