Papa Kalenga na mawese yake

Hapana, Papa Kalenga hakujikata wakati ya kunyoa. Ndevu zilitoka bien, shavu laini. Ni rangi ndio ilimusumbua. Mutoto yake alimuambia mbele ya kunyoa apake mafuta naturel, na Papa Kalenga akapaka mawese. Sasa eko mu bisi ya kuenda Evere, mutaa ya bakwe, anaenda kumuombea uyu mutoto bibi, na uso yote ni orange.

"Papa, banapakaga mafuta ya nazi," maman mumoja wa Bujumbura akamuambia pale pembeni. "Mawese ni ya kupikia." "Maman, nazi nayo tunakulaga. Donc?" "Donc nazi haiachake rangi." Bisi ikasimama, Kalenga akashuka.

Kwa bakwe, muzee wa nyumba akamusogelea, akanusa shavu. "Mawese muzuri hivi, unapataga wapi?" Kalenga hakujua kama anachekewa ao anasifiwa, lakini viti vilivutwa, na bote bakakaa kula.