Bi Mkasi, Mhariri wa Dakika za Mwanzo

Ndugu, jamaa na majirani mlioujaza ua huu tangu asubuhi, familia imenituma mimi, mdogo wake wa kiume, niwasomee maisha ya dada yetu, nami nitayasoma kama yalivyoandikwa, maana nikisema bila karatasi sitafika mwisho.

Marehemu alizaliwa Jumanne tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa pili kati ya watano wa baba fundi cherehani na mama muuguzi. Shule ya msingi alianza mwaka 1968, na ndugu zake tunakumbuka jinsi alivyokuwa akirudi nyumbani, anasimama mlangoni na kusema, "Leo mwalimu mkuu amelia," kisha anaomba maji kwanza, anakunywa taratibu mpaka tone la mwisho, na sisi tumemkodolea macho, mama naye na mwiko mkononi, hakuna anayethubutu kuondoka. Alimaliza sekondari mwaka 1978, akasomea upigaji chapa, na Januari 1980 akaajiriwa na kampuni moja ya filamu, iliyokuwa na vyumba vitatu juu ya duka la rangi, kazi yake ikiwa kuchapa miswada.

Mwaka 1984 mhariri wa kampuni aliugua macho huku filamu ya mauaji ikiwa imeshatangazwa, na walioonyeshwa kwa majaribio walikuwa wamesinzia, ingawa ilianza na watu watatu wanaorushiana risasi. Dada yetu aliomba aachiwe meza ya kukatia filamu kwa siku mbili. Aliziondoa risasi zote, akatafuta mahali muuza saa, yule anayeuawa, anapofunga duka lake, anapangusa kioo, anaimba ovyo, anatafuta ufunguo ulio mfukoni mwake mwenyewe, kisha anamtabasamia mtu ambaye sisi hatumwoni, akaipeleka hiyo mbele kabisa, na safari hii hakuna aliyesinzia. Tangu siku hiyo akawa Bi Mkasi, na kwa miaka thelathini na moja filamu za uhalifu sitini na nne zilipitia mikononi mwake.

Wanafunzi wake, ambao baadhi yao wamekaa pale nyuma, aliwaambia kwamba risasi haimshtui mtu asiyemjua anayepigwa, kwa hiyo mpeni mtazamaji dakika mbili ampende huyo mtu bila kujijua, sauti itangulie picha, muuaji aonekane mkono tu, au mlango uliokuwa umefungwa uonekane wazi, na mtazamaji ajue jambo moja ambalo mpelelezi halijui, maana hilo ndilo litakalomkalisha kitini. Aliwaambia pia kwamba ukishamwonyesha mtu maiti umemwahidi jibu, na usipompa ni kama umemwibia.

Tarehe 6 Desemba 1986 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi sauti, baada ya kugombana naye wiki nzima juu ya mlio wa viatu kwenye ngazi katika filamu moja, na hata jana shemeji aliniambia kwamba juu ya viatu vile yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa sahihi. Walijaliwa watoto wawili, binti mwaka 1988 na mwana mwaka 1991. Binti alisomea dawa, akafungua duka lake la dawa mtaa wa tatu kutoka hapa, na mama yake alipita pale kila siku akienda kazini, kwa kisingizio cha vidonge vya kichwa.

Jumatano tarehe 19 Agosti 2015, saa tisa alasiri, mtu aliingia katika duka hilo, akamuua binti yetu nyuma ya kaunta, akaondoka kwa miguu. Hakuchukua kitu. Kinyozi wa jirani alikuwa kazini, wauza matunda walikuwa barabarani, na wote walisema hawakuona. Binti alikuwa na miaka ishirini na saba.

Mpelelezi wa kwanza alipofika hapa nyumbani alimtambua dada yetu, akasema, "Mama, picha zako nimeziona zote, hebu nieleze, wewe ungeanzia wapi?" Hakuwa na nia mbaya, na dada yetu alimjibu, alieleza kila kitu kwa mpangilio, tangu chai ya asubuhi. Baada ya miezi mitano mpelelezi huyo alihamishwa, akaja wa pili, akasema faili halijakamilika, tuanze upya. Wa tatu alisema faili halionekani. Kwa miaka sita walikuja wapelelezi watano, na kila mmoja alivuta kiti, akafungua karatasi nyeupe na kusema, "Haya mama, siku hiyo ilikuwaje?", na hakuna hata mmoja aliyefika mbali zaidi ya ule mlango wa duka.

Alirudi kazini Januari 2016. Filamu aliyopewa ilianza na mshonaji anayenyongwa katika chumba chake, na mwongozaji alitaka afe dakika ya pili. Dada yetu aliunganisha dakika kumi na moja, mshonaji anapiga pasi, anajibu simu, anauma uzi, anacheka na mteja, na hafi. Mwongozaji, anayempenda kama mama yake, alimsogelea akauliza, "Mama, anakufa lini?" Akajibu, "Bado." Aliulizwa tena wiki iliyofuata, akajibu hivyo hivyo, na wiki ya tatu wakamwomba akapumzike nyumbani. Filamu ilimaliziwa na mtu mwingine, mshonaji alikufa dakika ya pili, na dada yetu hakuitwa tena kazini.

Miaka iliyobaki alikaa barazani, akiwatazama wapita njia mikononi. Shemeji alipomwambia aingie ndani, alisema, "Subiri, huyu simjui." Tarehe 2 Novemba 2021 alipatwa na kiharusi kilichomchukua upande wa kulia na maneno mengi, akalazwa mara nne, na Alhamisi tarehe 8 Juni 2023, saa nne asubuhi, akafariki wodini, mumewe akiwa amemshika mguu. Hakuacha maneno ya mwisho. Ameacha mume, mwana mmoja na wajukuu wawili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliompikia na kumgeuza kitandani, na wafanyakazi wenzake mliochimba kaburi kwa mikono yenu kando ya lile la binti yake. Tulikuwa tumeandika hapa ombi, kwamba yeyote aliyeona chochote siku ile aje atwambie, lakini tumelifuta, kwa sababu wengi wa mtaa ule mko hapa leo, mmekuwa mkitusalimia kwa miaka minane, na mwenye kulingoja jibu ndiye huyu tunayemzika.

Pumzika, dada. Amani hatukuweza kukupatia, tunakuombea uikute huko.