Bi Hadubini, Mwanabiolojia Aliyejifunza Kuuliza Kwanza

Marehemu dada yetu, ambaye nusu ya waliopo hapa wanamjua kwa jina la Bi Hadubini tu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya posta, mtoto wa kwanza wa fundi saa na mshonaji. Mimi ninayesoma ni mdogo wake. Yeye ndiye aliyeniachia ziwa.

Alianza shule Januari 1958. Udadisi wake ulipita kiasi: siku moja baba alimkuta akichungulia ubawa wa nzi kwa lenzi ya kutengenezea saa, na mteja amesimama anangoja. Alihitimu shahada ya biolojia mwaka 1975, akaajiriwa katika maabara ya magonjwa ya kurithi.

Mwaka 1978 alitupima damu sote nyumbani, apate kujizoeza kutambua selimundu. Alimpima na mchumba wangu, aliyekuwa akija kula kwetu Jumapili. Majibu akayatangaza mezani, mbele ya wazazi wa kijana, kama anayesoma matokeo ya mpira: mimi na mchumba wangu sote tulibeba chembe ya ugonjwa ule, na watoto wetu wangeweza kuugua. Sahani hazijaondolewa, mama mtu keshashika mkoba wake. Posa ilivunjika. Nilimnunia dada yangu miaka minne.

Roho ilimsuta. Akaiacha hadubini, akageukia swali jingine: nani ana haki ya kujua yaliyomo ndani ya damu ya mtu? Aliandika mwongozo wa maabara uliosema mwenye damu aulizwe kabla ya kupimwa, na aambiwe peke yake, mlango umefungwa. Kuanzia 1994 hadi alipostaafu mwaka 2016 aliongoza kamati ya maadili ya teknolojia ya jeni. Wataalamu walipoleta mpango wa kubadilisha jeni za mimba changa, aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na wajukuu wa huyu mtoto, nani amewasemea?" Walimwogopa kidogo, na yeye alifurahia.

Tarehe 8 Desemba 1984 aliolewa na mwalimu wa hesabu, mtu mpole aliyemshinda kwa upishi. Walijaliwa binti na mwana. Mimi nilikuwa nimeshampata seremala wangu, na sijuti.

Aprili 2021 aligundulika kuwa na saratani ya titi. Daktari alitaka kupima jeni zake ajue kama ni ya kurithi na achague dawa. Dada akamwomba angoje, akanipigia simu.

"Mdogo wangu, majibu yangu yatakugusa na wewe. Safari hii nauliza kwanza."

"Na nikikataa?"

"Sipimwi."

"Hata kama dawa yako inategemea hapo?"

"Hata hivyo."

"Basi pima, dada. Nakuja tusikilize pamoja."

Tuliambiwa sisi wawili tu, mlango ukiwa umefungwa, na majibu hayo hamtayasikia hapa.

Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 2 Juni 2023, baada ya kumsahihisha muuguzi mara mbili. Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu na mimi. Kwa miaka mingi nilisema nimeshamsamehe. Ukweli ni kwamba nilimsamehe siku ile ya simu.

Mungu ampumzishe kwa amani dada yangu.