Kofia Aliyomvulia Mkwewe

Tumsifu Yesu Kristu, ndugu zangu! Mbona mnaitika kama mna njaa? Asifiwe tena! Mimi ni Mama Limi, wa hapa hapa Runzewe, na leo sikai chini mpaka niseme alichonitendea Mungu.

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa lilikuwa likijengwa ghala la pamba. Fundi mkuu alikuwa baba yangu mzazi. Mume wangu akapata kazi hapo hapo, ya saidia fundi. Yeye chini anafunga karai la mota ya saruji kwenye kamba, baba juu ya jukwaa analivuta. Mimi nilikuwa nauza uji pembeni, kwa hiyo yote niliyaona kwa macho yangu.

Mkandarasi alileta kofia ngumu, kila mtu na yake, na nyapara akasema asiyevaa asionekane pale. Vizuri. Lakini kwetu mnakujua: mwanamume hafuniki kichwa mbele ya baba mkwe. Akimwona tu anavua, anainama, anaamkia kwa mbali. Sasa huyu mkwe yuko juu yake kutwa nzima! Nyapara akipita, mume wangu, Baba Limi, anavaa. Nyapara akigeuka, kofia iko chini. Wenzake wakamsifu kwamba amelelewa. Kulelewa gani huko, ndugu zangu, na tofali zinadondoka?

Siku moja kipande cha tofali kilimkwaruza sikio. Damu kidogo tu, naye akacheka. Mimi tangu hapo sikupata raha. Uji unaungua, macho yangu yako kwenye jukwaa. Kitu kikianguka popote, hata jembe, naruka. Nashika rozari, vidole vinakwenda, akili haipo. Nyumbani nilimwambia, akanijibu nisimtie aibu kwa wakwe. Kwa baba nako sikuweza kwenda, maana ya mume na mkwewe si ya mke kuingilia. Nilikuwa nawapenda wote wawili, na niliogopa kwamba mmoja atamuua mwenzake bila kukusudia.

Nikamwambia Mungu: ama unifunge mdomo kabisa, ama uufungue. Akaufungua! Asubuhi moja niliacha sufuria jikoni, nikaenda kusimama chini ya jukwaa mbele ya mafundi wote.

“Baba,” nikasema, “huyu anavua kofia kwa ajili yako. Likimwangukia tofali kutoka mkononi mwako, mimi nitakutazamaje?”

Mume wangu alitamani ardhi immeze. Mimi nilishajuta. Baba alishuka ngazi polepole, akaokota ile kofia, akaifuta vumbi kwa shati lake. Kisha yeye, ambaye hakuwahi kumsogelea mkwewe hata karibu, akamvika kwa mikono yake.

“Ukiivua tena,” akamwambia, “umenitukana.”

Basi nikatulia? Wapi! Roho bado iko juu juu. Na haikupita wiki, kamba ikakatika baba akiwa anavuta. Karai zima la mota likashuka kichwani kwa Baba Limi. Mayo wee! Nilipiga yowe, nikakimbia, sikujua nakanyaga wapi. Nikamkuta amekaa chini, mota imemjaa usoni, kofia imepasuka kutoka mbele hadi nyuma. Kichwa kizima! Anauliza kama baba mkwe hajaanguka kule juu.

Baba alishuka bado ameshika kipande cha kamba. Akamkumbatia mkwewe mbele ya watu, akalia kwa sauti. Kwetu jambo hilo halijapata kuonekana, na hakuna aliyecheka.

Ndugu zangu, wapo wanaosema kinga yao ni Mungu, kofia ya nini. Mungu huyo huyo ndiye aliyemshusha baba yangu ngazi! Mtumainini. Mkimwomba awalinde, halafu akawaletea kofia, vaeni. Na wewe mama unayekaa roho juu kwa ajili ya mtu wako, usimfiche Mungu hofu yako, na akikupa neno la kusema, liseme hata kama sauti inatetemeka.

Mimi namshukuru mpaka leo. Baba yangu amekwisha kupumzika, Mungu amrehemu. Mume wangu yule pale nyuma, anaona haya kama kawaida yake. Simama, Baba Limi, wakuone.