Pantaleo Nkwabi na Chuma cha Bonde la Duara

Wakwe zetu, Wakristo wenzetu na majirani wa Segese mliokuja kutufuta machozi, mimi Mabula, mdogo wa marehemu, ukoo umenipa kazi ya kumwelezea kaka yangu, nami nitamwelezea kama alivyokuwa, maana mwenyewe asingenisamehe nikimpamba.

Marehemu Pantaleo Nkwabi alizaliwa mwaka 1889 huko Geita, katika ukoo wetu wa wafua chuma, akabatizwa mwaka 1902, akasoma kwa mapadre miaka mitatu, akajua kusoma na kuhesabu, na ubishi akaujua bila kufundishwa.

Mwaka 1912 alihamia hapa Segese na mivukuto ya baba yetu, na katika Bonde la Duara, lile shimo kubwa la mviringo tunalolijua sote, akaokota mawe meusi, mazito ajabu, ambayo yakipigwa nyundo hayapasuki bali yananyooka, akaona hicho ndicho chuma cha bure, akayafua yote kuwa majembe, asibakize hata kipande. Majembe hayo aliyatoa mahari kwa Mzee Maganga, ambaye aliyagonga moja moja kusikiliza mlio, akaridhika, na tarehe 7 Februari 1914 marehemu akafunga ndoa na shemeji yangu Paskazia, Mungu akawajalia Marselino na Esta.

Julai 1930 alifika Mzungu mpimaji wa miamba, akapiga kambi bondeni, akamwajiri marehemu kunoa sururu. Mpimaji huyo aliwaonyesha vibarua wake miamba yenye michirizi iliyotawanyika kama njiti za ufagio, akawaonyesha ukingoni tabaka za chini zilizopinduliwa zikalala juu ya zile za juu, na vipande vya mwamba vilivyoyeyuka vikang'aa kama chupa, akasema ama mlima wa moto wa kale ulipasuka hapa, na huenda almasi zimo chini, ama jiwe kubwa lilianguka kutoka angani zamani kabla ya watu, na basi almasi hakuna, atakayechimba atachimba bure. Akasema kipande kimoja tu cha chuma cha jiwe hilo kingemaliza maneno.

Jamani, kaka yangu alijua chuma hicho kiko wapi! Kilikuwa nyumbani kwa mkwewe. Alimweleza mpimaji kwa mdomo, mpimaji akataka kukiona, naye hakwenda kukileta, kwa sababu sote hapa tunajua kwamba mume akienda kwa mkwe kudai hata jembe moja la mahari, ndoa ameivunja mwenyewe, na Paskazia alimpenda mno. Mpimaji akaondoka bila jibu, watu wakabaki na neno moja tu, almasi, wakaingia bondeni na sururu, Marselino akiwa miongoni mwao, na baba yake alimkataza mpaka sauti ikamkauka, lakini hakuwa na cha kumwonyesha.

Tarehe 19 Machi 1932 ukuta wa shimo uliporomoka ukamfunika Marselino, akiwa na miaka kumi na saba. Mzee Maganga alikuja msibani na jembe la mwisho lililosalia, limelika likabaki kama kiganja, ili lichimbe kaburi la mjukuu wake, na marehemu alipoliona alianguka chini, akasema yote. Mzee alishangaa, akamwambia angekuja kuliazima tu, kama jirani aazimavyo, asingeulizwa hata la kazi gani.

Tangu siku hiyo kaka yangu hakufua tena chuma. Mwaka 1935 kifua kilimshika, akatibiwa misheni, akapata nafuu, akazidiwa tena, na tarehe 11 Juni 1937 akafariki mikononi mwa Paskazia, akimwacha mjane, binti yake Esta na sisi ndugu zake, na inatuuma.

Tunamshukuru daktari wa misheni na wauguzi, majirani mliotuletea maji na kuni, na wafua chuma wenzake mliotembea kutoka Geita. Vijana mnaochimba bondeni hadi leo, jembe lile limelazwa pembeni ya jeneza, litazameni vizuri, lishikeni mwone uzito wake, kisha mrudi makwenu. Jana nilikwenda kwa Mzee Maganga kuliomba, ndilo lililochimba kaburi hili, na jioni tutalirudisha.

Lala, kaka yangu. Jembe tumeliazima, na hakuna aliyekasirika.